Bwana Vipimo na Mashine ya Kufyonza Vumbi

Mume wa dada yangu ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kupita sokoni na madukani akiwa na sanduku la mawe ya kupimia. Anaweka jiwe la kilo juu ya mizani ya muuza unga, anausoma mshale, anakunja uso, kisha anabandika stika. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, na imemwingia hadi kwenye mifupa. Chai akimiminiwa, hukiinua kikombe usawa wa jicho aone kama kimejaa sawa na cha mwenzake. Ukimwambia utafika saa nne, ukafika saa nne na dakika sita, atakufungulia mlango huku macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Sokoni wanamwita Bwana Vipimo, naye kwa ujinga wake anadhani ni sifa.

Mimi nauza vyombo vya umeme. Mwaka huu ni wa kumi na mbili nasimama nyuma ya kaunta moja katika duka moja, na miguu yangu inalijua kila kigae cha pale. Mteja akiingia, kabla hajafungua mdomo najua kama amekuja kununua au kupigwa na kiyoyozi. Najua friji ipi itaanza kulia kabla waranti haijaisha, na pasi ipi itaunguza shati la kwanza. Lakini kwa shemeji yangu, ujuzi huo wote ni kazi bure. Kwake mimi bado ni yule mdogo wa mke wake aliyekuja harusini na viatu vya kuazima.

Wanakaa kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, yenye vyumba viwili na sebule, na sakafu yote ni mbao ngumu, za rangi nyekundu iliyokolea, zilizobanana mshazari toka mlangoni hadi dirishani. Ile sakafu ndiyo mtoto wake wa kwanza. Viti vya pale vinavaa soksi. Simtanii mtu, alinunua soksi za sufu, akazikata, akazifunga kila mguu wa kiti kwa uzi. Nimeshamwona kwa macho yangu akimwambia dada ainue mguu kidogo aone kama kisigino kimeacha alama. Na maji hayaruhusiwi kuigusa. “Mbao na maji ni maadui,” husema, kama vile ni yeye aliyeigundua siri hiyo.

Dada yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka kumi na mitano alifundisha watoto kuandika a, e, i, o, u ubaoni, mpaka vumbi la chaki likamwamshia pumu aliyozaliwa nayo. Akaacha kazi, akarudi nyumbani apumzishe kifua. Hajakaa sawa, ng'ambo ya barabara wakaanza kujenga jengo la ghorofa tisa. Saruji ikawa inaingia dirishani kama mgeni asiyepiga hodi, inajipenyeza kwenye nyufa za zile mbao, na inakaa humo ikisubiri mtu afagie.

Daktari alisema mambo mawili tu. Mazulia yote yatoke, na ufagio usiingie tena ndani, kwa sababu unaamsha vumbi badala ya kulitoa. “Tafuteni mashine ya kufyonza vumbi,” alimwambia shemeji, “na msikawie. Kifua hiki hakina akiba.”

“Nitalishughulikia,” alijibu Bwana Vipimo.

Ningekuwa na akili siku hiyo ningelia hapo hapo.

Mazulia aliyatoa jioni ile ile, tena kwa furaha, kwani sasa sakafu yake ilionekana yote. Mashine ilimchukua miezi minane. Mtu mwingine hapo angemaliza kuoa, kujenga na kugombana na majirani. Yeye alinunua daftari lenye jalada gumu, akachora safu kwa rula: nguvu ya umeme, kelele, uzito, urefu wa waya, ukubwa wa tangi. Kila Jumamosi ya pili alikuja dukani kwetu amechomekea shati, kalamu mfukoni, akaanza kuzunguka mashine zangu kama anayekagua gwaride. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima. Walimwona huyu akija.

Muda wote huo dada alifagia. Afanye nini? Maji marufuku, mashine haijapatikana. Alijifunga kitambaa puani, akashika ufagio, akafagia polepole ili vumbi lisijue. Kila nilipokwenda nilimkuta na inhela yake ya pumu mfukoni mwa gauni, na kila mara alinituliza.

“Yuko mbioni, mdogo wangu. Unamjua shemeji yako. Hataki kukosea.”

“Kobe naye yuko mbioni,” nilimwambia. Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, nikajuta kumchekesha.

Siku ile ya kwanza kabisa nilimrahisishia kazi. Nilimwonyesha mashine ndogo ya kijivu iliyokuwa kwenye rafu ya chini, ambayo hakuna mtu anayeitazama kwa sababu haina mbwembwe.

“Shem, achana na mahesabu. Chukua hii hapa. Kwanza, kichwa chake kina brashi laini, hakikwaruzi mbao. Pili, magurudumu ni ya mpira. Na vumbi linaingia kwenye mfuko unaojifunga, kwa hiyo dada hataliona tena. Sasa angalia.”

Nikamfanyia jaribio langu. Sikufundishwa na mtu. Nililigundua mwenyewe, na ndilo linalonitofautisha na wauzaji wa maneno. Namwaga kijiko cha unga wa mkaa chini, nawasha mashine, halafu nashika kitambaa cheupe nyuma, pale inapotolea hewa. Ile ya kijivu ilikula unga, na kitambaa kikabaki cheupe. Nikawasha ile nyekundu kubwa aliyokuwa anaikodolea macho. Kitambaa kikatoka na duara la kijivu, kubwa kama sahani ya kikombe.

“Unaona? Hii inakula mbele, inatapika nyuma. Ukiipeleka kwa dada utamuua.”

Bwana Vipimo alikiangalia kitambaa. Halafu akainama akasoma kibandiko cha ile ya kijivu.

“Wati mia saba tu? Na hii nyekundu ina elfu mbili.”

“Wati ni umeme inaokula, shem, si kazi inayofanya. Hata wewe unakula sahani mbili.”

Hakucheka. Mtu huyu hacheki. Hupima kwanza kama mzaha umetimia. Alifungua daftari, akajaza safu zake, na ya mwisho, ile nyembamba iliyobanwa pembeni, aliijaza huku ameifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayemficha mwenzake majibu.

“Shemeji, wewe ni muuzaji,” alisema huku akifunga. “Muuzaji ana maneno. Mimi nataka namba.”

Basi, Jumamosi zikapita. Alileta mashine za maduka mengine kwenye picha za simu, akaninyooshea, nikamjibu kwa mkato. Hiyo ina magurudumu ya plastiki, itakuchorea sakafu. Hiyo brashi yake ni ya mazulia. Hiyo tangi lake ukilifungua linamwaga vumbi usoni. Kila nikijibu, kiganja kinafunika, kalamu inachora. Nilikuwa na hakika ananitoa makosa. Nilijua ni mtu wa kutoa makosa, kazi yake ndiyo hiyo. Nikawa nikimwona anaingia namwachia kona yote, nakwenda kufuta majiko ya gesi yaliyokwisha kufutwa.

Na sitaficha: nilimdharau. Nilimdharau kwa soksi za viti na kwa lile daftari. Zaidi ya yote nilimdharau kwa namna anavyosimama amejinyoosha katikati ya mashine thelathini huku mkewe anapumua kwa filimbi. Nilirudi nyumbani nikawaigizia wanangu anavyoinama kusoma vibandiko, tukacheka hadi machozi. Dharau ina utamu wake. Ukiionja sana, hutaki tena kula kitu kingine.

Mwezi wa nane wa msako huo likaja jimashine jipya. Rangi ya buluu, refu hadi kiunoni, na taa mbele kama pikipiki. Nililifungua mwenyewe kwenye boksi, nikalipima kwa unga na kitambaa kabla duka halijafunguliwa. Kitambaa kilitoka cheusi. Brashi yake ilikuwa ngumu, inayozunguka, ya kusugulia mazulia, na haizimiki. Nikalisukumia pembeni nikijua kuna mjinga mahali fulani anakuja kulichukua.

Jumamosi hiyo Bwana Vipimo hakuja na daftari peke yake. Alitoa mfukoni mizani ya kuning'iniza, ile ya kazini, yenye ndoano na springi. Mbele ya wateja watano na mbele ya meneja wetu, akainasa mashine moja ya maonyesho mpinini, akaipandisha juu hadi mikono ikatetemeka.

“Imeandikwa kilo sita,” akatangaza. “Ni sita na gramu mia tatu. Hapa mnadanganya watu.”

Wateja wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa tayari ameshika blenda akairudisha kwenye rafu. Meneja, ambaye hajawahi kuuza hata balbu, akanivuta kando ya mashine za kufulia.

“Huyu si ndugu yako?”

“Shemeji yangu.”

“Mwambie hapa si sokoni. Na wewe umezidi maneno. Nimesikia unawaambia wateja hiki kibaya, hiki kibaya. Mteja akishasema nachukua, mdomo unafungwa. Sawa?”

“Sawa, bosi.”

Sheria hiyo ipo tangu naanza kazi, na sijawahi kuifuata. Nimeshawatoa wazee wa watu kwenye majiko mabovu nikiwa nawakonyeza tu. Lakini niliporudi kwenye kaunta uso ulikuwa unaniwaka moto, na nikamkuta Bwana Vipimo amelisimamia lile jimashine la buluu. Ameliwasha. Linanguruma hadi vioo vya makabati vinatetemeka, na watu hadi nje ya mlango wamegeuka. Na yeye anatabasamu. Debe tupu limempata shabiki wake.

“Wati elfu mbili na mia nne,” akaniambia kwa sauti ya juu. “Tangi lita nne. Nachukua hili.”

Akalizima. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miezi minane. Akafungua daftari, akashika kalamu juu ya ile safu nyembamba, bila kuifunika safari hii, akanitazama.

“Hili je, shemeji? Unasemaje?”

Kitambaa cheupe kilikuwa mfukoni mwangu. Nakumbuka nilikigusa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilikuwa nimeshalisema juu ya mashine nyingine zote. Lakini nilisikia bado zile gramu mia tatu masikioni, nikaona mabega ya meneja kule kwenye mashine za kufulia. Nikajiambia, wacha. Sikio la kufa halisikii dawa. Wacha akajionee.

“Mwenye vipimo ni wewe, shem,” nikasema, nikashusha kitabu cha risiti.

Alisubiri kidogo. Nilidhani anasubiri nimpongeze. Nikabana risiti kwa pini, nikamkabidhi waranti, nikaita mtu wa stoo amsaidie kubeba. Akaandika neno kwenye daftari, akalirudisha mfukoni, akaondoka amenyooka kama aliyepewa cheo.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwao, kama nilivyozoea kila Jumapili. Ngurumo niliisikia nikiwa bado ghorofa ya kwanza. Nikapanda ngazi huku nacheka peke yangu, naomba Mungu anisamehe, nikipanga maneno nitakayomwambia atakapokuja kulirudisha.

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa linaingia sebuleni kwa dirisha la barabarani, na ndani ya lile jua vumbi lilikuwa limesimama, jembamba, jeupe, toka sakafuni hadi darini. Saruji yote ya miezi minane ilikuwa imetoka kwenye nyufa na kupanda juu. Bwana Vipimo alikuwa amenipa mgongo, anasukuma jimashine lake kwa kufuata mistari ya mbao, na kila linapopita linaacha michirizo miwili myeupe kwenye sakafu yake ya thamani. Hakuwa ameiona. Hakuwa ameona chochote, wala kusikia.

Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa ameinamia mbele, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka. Inhela ilikuwa chini karibu na mguu wake. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye midomo ya mtu.

Niliung'oa waya ukutani. Kimya kilipoingia ndipo tukamsikia.

“Dada! Dada, niangalie.”

“Alisema… nikae tu,” alisema, neno moja kwa kila pumzi. “Anataka… nione… inavyofanya kazi.”

Bwana Vipimo aligeuka, mpini bado mkononi. Sijui alichokiona usoni mwangu. Aliuachia mpini, jimashine likaanguka likaitoboa mbao, na hakulitazama. Alimnyanyua mkewe kama mtoto, akashuka naye ghorofa zote tatu bila viatu, mimi nyuma na inhela iliyokwisha. Kwenye teksi alihesabu pumzi za dada kwa sauti. Nikamwambia nyamaza. Akanyamaza, lakini vidole vyake viliendelea kuhesabu kwenye goti.

Hospitali walimfungia dada barakoa iliyounganishwa na kimashine kidogo cha kumvutisha dawa. Kilikuwa kidogo kweli, na hakikuwa na kelele. Baada ya saa nzima midomo ikarudi rangi yake, na daktari akasema angelala pale siku mbili waangalie kifua. Akauliza kilichotokea. Bwana Vipimo akaanza kumweleza wati na lita, daktari akamwangalia tu mpaka yakamwishia.

Daktari alipotoka, nilimgeukia. Tulikuwa miguuni pa kitanda, dada amefumba macho. Nilikuwa na miezi minane ya maneno, na niliona huu ndio wakati wake.

“Umeridhika? Elfu mbili na mia nne! Nilikwambia. Toka siku ya kwanza nilikwambia, ukaniona mimi si lolote si chochote. Soksi unavivalisha viti, mkeo unamvalisha barakoa. Nilikwambia!”

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alikunja uso kama anavyokunja akiona mshale haujakaa kwenye sifuri.

“Hili?” akauliza. “Hili hukuniambia, shemeji.”

Akatoa daftari mfukoni, akalifungua, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kidole kinatembea kwenye ile safu ya pembeni. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anatafuta mahali alipokosea kuandika. Alipokosa, akanipa nitafute mimi.

Juu ya safu ile nyembamba, kwa mwandiko wake wa stika, alikuwa ameandika: *Shemeji*. Na chini yake, mashine baada ya mashine:

*Nyekundu: hapana, inatapika nyuma. Ya duka la pili: hapana, magurudumu. Ya kwenye picha: hapana, brashi ya mazulia. Ya tangi la kioo: hapana, inamwaga usoni.* Zilikuwa thelathini na moja. Kila niliyoikataa alikuwa ameipiga mstari wa rula, na hakuwahi kuirudia. Ile ndogo ya kijivu ilikuwa na neno *ndiyo*, na pembeni yake: *nguvu ndogo? Kama haitapatikana nyingine anayoikubali, nichukue hii.* Miezi minane nilidhani hanisikii, kumbe hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kunisikiliza hivyo.

“Mnasoma nini?” Dada alikuwa amefumbua macho, ameisogeza barakoa kidogo. “Mdogo wangu, nisomee.”

Sikutaka. Alininyooshea mkono, nikamsomea. Nilianza juu, kwenye ile nyekundu, nikashuka na safu, na katikati dada akatabasamu kwa sababu aliyatambua maneno yangu. Nikafika mstari wa mwisho.

“*Ya buluu. Shemeji: hakupinga.*”

Dada hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kwa macho yale yale aliyokuwa anawatazamia watoto wa darasa la kwanza wanaojua jibu na hawalisemi.

“Ulikuwa unajua?”

Kitambaa kilikuwa bado mfukoni mwangu.

“Nilikuwa najua, dada.”

Akairudisha barakoa puani, akageukia ukutani. Bwana Vipimo alilichukua daftari lake mikononi mwangu, akavuta kiti karibu na kitanda, akatoa kalamu. Akaishika hivyo juu ya ukurasa, na hadi naondoka hakuwa ameandika kitu.